Tumbo la Gari la Idd

Mkabala na soko la Kilwa Masoko, pale ambapo waendesha bodaboda husubiri abiria, pana benchi ndefu ambayo wakaaji wake hawasubiri kitu. Hukusanyika hapo baada ya sala ya alasiri na huitana wajumbe, ingawa hapana aliyewachagua wala jambo walilowahi kulimaliza. Yunusu muuza kahawa huliweka birika lake juu ya makaa, na kashata katika sinia iliyofunikwa kitambaa. Nao wajumbe hunywa, huyapima mambo ya ulimwengu, huyakatia hukumu, kisha huyafungua upya. Msimu ule, hata hivyo, ulimwengu ulikuwa umewekwa kando. Kilichokuwa mbele yao ni pikapu ya Idd mchukuzi, imesimama hatua chache kutoka benchini, magurudumu yamevuliwa na ekseli zake zimelazwa juu ya magogo.

Idd hakuwa mtu wa benchi. Yeye alikuwa na haja. Mkewe Hafsa alikuwa na mimba ya kwanza, na kama ilivyo desturi alikuwa amerudi kwa mama yake kuilea, huko Kipatimu, milimani. Muuguzi wa zahanati akamwambia kwamba mtoto amekaa vibaya, asithubutu kujifungulia kule, ateremshwe Masoko kabla mvua haijaiharibu njia. Idd akampa ahadi mkwewe, Bi Zuwena, kwamba atakuja mwenyewe na gari lake, wala binti yake hatapakiwa katika gari la mtu.

Akaenda. Alipokaribia nyumba za ukweni alikuta njia imechimbwa na malori kushoto na kulia, katikati limebaki tuta la udongo mgumu kama mgongo wa ng'ombe. Pikapu ikalikalia tuta lile, magurudumu yakazunguka bila kushika ardhi. Majirani wakaja kuisukuma, Bi Zuwena naye akiwa miongoni mwao, kanga ameifunga kiunoni. Wakaivuta kinyumenyume mpaka ikatoka. Idd akaona haya kumwita Hafsa alifuate gari lililokwama, akageuza akarudi pwani peke yake, na aibu ya mkwe ikawa mzigo wake njia nzima.

Siku aliyopita benchini wakamwuliza kulikoni, akajibu maneno mawili tu, kwamba tumbo linagonga. Wajumbe wakaitazama pikapu kwa huruma. Gari lenye tumbo linalogonga, wakasema, dawa yake moja, liinuliwe. Na kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na tumbo, kila mmoja alijua tumbo ni nini, wala hakuna aliyeona haja ya kuinama na kuchungulia.

Wa kwanza katika baraza lile alikuwa Maalim Kudra, mwenye kanzu isiyopata mkunjo, ambaye walimwita Mizani kwa sababu hakuna alichokipokea pasipo kukipima. Wa pili alikuwa Huseni, aliyewahi kukaa Dar es Salaam msimu mmoja, akarudi na jina la Dar na lugha ya huko. Wa tatu ni Gregori fundi, walimwita Spana. Yeye ndiye aliyelala chini ya gari, na kwa hiyo ndiye aliyesikilizwa kidogo kuliko wote.

Majadiliano ya kwanza yalihusu kimo. Huseni alikuwa na picha katika simu yake za magari ya vijana wa mjini, yaliyopandishwa hata mtu akayapita chini bila kuinamisha kofia, akataka inchi sita. Gregori akasema mbili zinatosha, zaidi ya hapo mipira ya breki itakuwa mifupi na shafti itakaa upande. Maalim Kudra akasema mzozo wote unatokana na hilo neno inchi, ambalo si letu. Wazee walipima kwa wanda, yaani upana wa kidole, na kwa shubiri, na kwa dhiraa, na majumba waliyoyajenga kwa vipimo hivyo kuta zake zingali zimesimama. Akahukumu wanda nne.

— Wanda za kidole cha nani, Maalim? akauliza Gregori, akitoa mkono wenye grisi kutoka chini ya gari. Changu hiki kimoja ni viwili vyako.

Wakapoteza alasiri nzima wakilinganisha vidole. Hatimaye ikakubaliwa kwamba wanda iliyo ya haki ni ya mwenye mali, wakamwita Idd, wakampima kidole kwa ukindu, na ukindu ule ukawa ndio kipimo. Idd akaagiza Dar vifaa vya wanda nne. Muuzaji akamwuliza kwenye simu wanda ni nini. Idd, akimwonea haya Maalim aliyekaa karibu, akasema apewe vilivyo virefu.

Jioni hiyo Hafsa alimpigia. Akamwambia kwamba Augustine, yule anayechukua machungwa ya Kipatimu kuyaleta pwani, ana nafasi garini mwake, na mama ameuliza kama wapande. Idd akaitazama pikapu juu ya magogo.

— Subiri, mke wangu. La kwetu linainuliwa.

— Linainuliwa mpaka lini, Idd?

Akasema kesho. Aliyasema maneno hayo tena baadaye, na kila alipoyasema sauti ya Hafsa ilipungua kidogo.

Vifaa vikafika na basi, sanduku zima: springi za majani zenye mkunjo kama upinde, shokapu ndefu zilizopakwa rangi nyekundu, na yubolti za kuzifungia. Wajumbe wakalizunguka sanduku kama watu waliopokea mgeni kutoka Hija. Gregori akaanza kufunga, nao wakaanza kumfundisha.

Huseni alikuwa na elimu ya upepo.

— Mzee, gari ikikaa juu, hewa inapita chini, injini inapoa yenyewe. Rejeta unaitoa unaiuza. Halafu mabasi yakikuona hivi yanakupisha, yanadhani ni ya serikali.

Maalim Kudra alikuwa na elimu ya safari. Kwa taratibu na kwa kidole kilichoinuliwa, alieleza kwamba mtu aliye juu huenda mbali zaidi kuliko aliye chini, kwa kuwa duara la juu ni kubwa kuliko la chini, jambo ambalo wanafalaki walilithibitisha zamani. Kwa hiyo umbali wa Masoko hadi Kipatimu, kwa atakayepanda gari hili, hautakuwa ule ule. Na huenda pakawa na suala, akasema, kama dereva na abiria wa nyuma wanaswali sala ya msafiri kwa hukumu moja. Hakulijibu suala hilo. Alilifungua tu, akaliacha wazi kwa faida ya wote.

Hata Gregori, aliyekuwa na akili yake timamu siku ya kwanza, kahawa na maneno vilianza kumwingia. Akapendekeza springi za nyuma zizidishwe kuliko za mbele.

— Kwa sababu gani, Spana?

— Ukiinua nyuma, gari inainamia mbele. Gari iliyoinamia mbele inateremka. Sasa Kipatimu ni kupanda mlima, si ndiyo? Hii haitapanda. Itateremka mpaka Kipatimu.

Yunusu mwenyewe aliacha kumimina.

— Na kurudi? akauliza Idd.

— Kurudi unarudi rivasi, akasema Huseni. Iko wazi.

Idd alikuwa na mashaka, lakini mashaka yake yalikuwa ya mtu mmoja, na yakini ya wenzake ilikuwa ya benchi nzima. Tena kila swali alilouliza lilifungua mlango mwingine, na kila mlango ulikula alasiri. Upande wa milimani mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Simu ya Hafsa tangu juzi ilikuwa haipatikani, naye alijiambia ni mtandao.

Basi gari likakamilika. Gregori akarudisha magurudumu yale yale, akaondoa magogo, na pikapu ikasimama juu ya ardhi mbele ya macho ya watu wote wa soko. Ilipendeza. Bodi ilikuwa juu hata mlango wa dereva ukawa wa kupandiwa kwa kudandia, na shokapu nyekundu zikaonekana kwa mbali. Maalim Kudra akalipima kwa ukindu akakuta wanda nne na chembe. Chembe ile akaisamehe. Huseni akapiga picha. Wakamwambia Idd kwamba alfajiri atakwenda Kipatimu na tuta litapita chini yake lisijue nini kimepita.

Ndipo alipotokea mwanamke kutoka upande wa barabara, vumbi jekundu la milimani limeshika pindo la kanga yake. Idd alimtambua kabla hajaufikia uso wake, akainamisha macho kama impasavyo mkwe.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Asalaam alaykum, enyi wazee.

Wajumbe wakajibu, wakampisha kwenye benchi, akashukuru asikae. Macho yake yalikuwa kwenye gari. Wakamweleza, kila mmoja kwa fani yake, lilivyoinuliwa. Naye akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu ya watu wa kwao. Kisha akaenda nyuma ya pikapu na kuinama, mkono mmoja gotini. Akalitazama lile kasha la chuma la mviringo lililo katikati ya ekseli, baina ya magurudumu mawili, ambalo mafundi huliita difu. Ilikuwa na mkwaruzo mpana, na udongo wa Kipatimu ungali umekauka humo.

— Siku ile tulipokusukuma, baba, mimi nilikuwa nyuma. Hiki ndicho kilichokalia tuta. Mbona chenyewe hakikupanda?

Wakainama wote. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, baraza zima lilikuwa limeinama. Springi zilikuwa juu ya ekseli, bodi juu ya springi, na vyote vilivyokuwa juu vilikuwa vimepanda. Difu ilikuwa imening'inia pale pale ilipokuwa siku zote, kwa kimo kile kile cha magurudumu yake. Gregori akaigusa kwa kidole, kana kwamba huenda ikajitetea. Huseni akatia simu mfukoni. Maalim Kudra akaukunja ukindu wake, akauficha katika kiganja.

Idd ndiye aliyesema, na hakusema juu ya gari.

— Mama, Hafsa yuko wapi?

— Yuko hapa mjini, kwenye kituo cha afya. Tumeshuka na Augustine. Simu yake iliisha chaji, na mimi sikuweza kusubiri tena, baba, unisamehe.

— Na lile tuta?

— Augustine alisimamisha gari, akashuka na jembe, akalichonga. Tukapita.

Akasema maneno hayo bila kejeli, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na kwa ajili hiyo yaliwaingia zaidi. Akaongeza kwamba muuguzi amempima Hafsa, mtoto ni mzima, ila imeonekana lazima Hafsa ahamishiwe hospitali usiku ule ule, na kwamba anamwulizia mumewe.

Idd akakimbilia mlango wa abiria, akaufungua kwa heshima zote, akasema apande amfikishe upesi. Bi Zuwena akakitazama kiti, kilichokuwa usawa wa kifua chake. Akainua mguu mmoja, akaurudisha chini. Akajifunga kanga vizuri, akageuka kuelekea kituo cha afya kwa miguu. Idd akausukuma mlango bila kungoja ufungike, akamfuata.

Benchini, Maalim Kudra alikohoa kidogo.

— Suala la mama huyu, akasema, lina pande mbili.

Akanyoosha kikombe. Yunusu akalipindua birika juu ya makaa, yakatoa mvuke kidogo, yakazimika.