Lenah Kajuju Hakuugua kwa Muda Mfupi

Mimi ni Gikunda, mdogo wake Lenah, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ila kwanza naomba kila aliye na programu ya mazishi afute mstari unaosema aliugua kwa muda mfupi, kwa sababu ni uongo na mimi sitausoma.

Lenah Kajuju alizaliwa Kianjai tarehe 4 Machi 1961, akasoma huko huko, akafuzu ualimu mwaka wa 1983, akafundisha hisabati hapa Embu hadi alipostaafu mwaka wa 2021. Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Ngari Njoka, wakajenga mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu, Mungu akawajalia watoto wawili, Nelius na Kivuti.

Mwaka wa 2009 aliteleza akichuma kahawa, akavunjika nyonga, akawekewa ya bandia, yaani gololi ya chuma inayozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Aliambiwa kikombe hicho hulika polepole kwa kusuguliwa na gololi, na kwamba ili kujua kimelika kiasi gani ni lazima picha ya kwanza ya eksirei iwekwe kando ya mpya, ipimwe gololi imezama kiasi gani. Kwa hivyo kila mwaka alienda kliniki moja, ambayo nimekatazwa kuitaja, na picha yake ya kwanza kwapani, na kila mwaka daktari aliangalia ile mpya peke yake, akasema iko sawa, maumivu ni ya uzee. Alipoomba zilinganishwe, aliambiwa awaachie madaktari kazi yao. Hata uzito wa mtoto mchanga hulinganishwa na wa mwezi uliopita! Na wengine wenu hapa mlimwambia aombe zaidi.

Februari mwaka huu wa 2025, Daktari Adrian Runji aliziweka picha zote mbili kwenye mwanga, akapima kwa rula, akaandika apasuliwe haraka. Gololi ilikuwa karibu kutoboa kikombe, na unga wa plastiki iliyosagika ulikuwa umeula mfupa unaoshikilia nyonga hiyo. Kabla ya siku ya upasuaji mfupa ulivunjika akishuka ngazi za kanisa, akapasuliwa kwa dharura, damu ikaganda mapafuni, akatutoka tarehe 9 Mei.

Tunamshukuru Daktari Runji, wauguzi, walimu wenzake, na majirani wa Dallas waliombeba kwa mikono. Kliniki ile siishukuru, na nimekasirika, mnisamehe au msinisamehe.

Shangazi Ciakuthii, wewe uliyeketi hapo mbele na nyonga kama yake, tafuta picha yako ya kwanza, Jumatatu asubuhi nakuja kukuchukua.

Lenah, lala sasa bila maumivu, dada yangu, wewe ulisema mapema, ni wao hawakupima.