Niliandika "Hajiwezi"

Ndugu zangu, laiti ningeikataa ile kalamu. Nilikuwa kwenye kamati ya kugawa msaada kwa wajane, kule kwetu Ludara. Tulipofika kwenye jina la binti yangu, mwenzangu akaninong'oneza, "Mzee, andika tu hajiwezi. Kama iko na nguvu, nani atamupa?" Mimi nimesoma, najua uzito wa neno. Nikaandika.

Unga ulikuja, na maharage, na sabuni. Lakini binti yangu alitaka kazi. Mwoka mikate mmoja wa Arua akakubali kumchukua, ila alete barua ya kamati. Karani akanakili orodha kama ilivyo. Yule bwana aliposoma akacheka: "Mama, hapa tunabeba magunia. Barua yako inasema hujiwezi!"

Binti yangu akarudi nyumbani kwangu, akaketi nyuma ya mlango. Wiki zikapita, haogi, chakula hagusi. Watoto wake wakimwomba maji, anajibu, "Mimi sijiwezi." Nawaambia, vita nimeviona, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Nikiwa shambani nikasikia mtu anaita, natupa jembe, nakimbia nyumbani. Nikakusanya kamba zote za mbuzi, nikazificha.

Basi mbuzi wakaingia kwa jirani. Akaja mbio, mama huyu hapa, mdomo wake mnaujua: "Mzee! Mbuzi yako iko na sikukuu kwa muhogo yangu! Kamba iko wapi?"

Nikatazama tu mlango ule. Naye akautazama.

"Binti iko ndani?" akauliza polepole.

Nikalia mbele yake, mzee mzima.

Wamama wa kikundi hiki wakakaa na binti yangu siku ile, na kesho yake wakampeleka hospitali Kuluva. Muuguzi alipomuuliza nani alimwambia hajiwezi, binti yangu alininyooshea kidole. Nilikuwa nimesimama palepale.

Nilirudi kwenye kamati, nikalifuta neno langu mbele ya wote, nikaandika barua mpya. Ilichukua miezi ya dawa, na ya kukaa na kikundi hiki. Leo anakanda unga Arua. Mimi bado nikiona kamba imelala chini, naiokota, naificha.

Asanteni, wamama. Jirani, asante, muhogo wako nitaupanda tena. Nanyi mnaoshika kalamu: anayehitaji, andikeni anahitaji. Msiandike hawezi.

Binti yangu alipona, lakini kwangu hakurudi. Alihama na wajukuu wangu wote watatu. Sikukuu ikifika huja, hunisalimia uani, huondoka. Ndani ya nyumba yangu haingii tena.