Fundi Majiko na Tambi za Ukweni

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Tambi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, kitinda mimba wa mshona viatu na muuza maziwa. Mama yake alisimulia kwamba kilio chake cha kwanza kilizima taa ya mkunga. Kama ni uongo, basi ni wa urithi.

Shule aliifikisha darasa la sita. Angeendelea, ila alilifungua jiko la mafuta la mwalimu mkuu ili aone moto unakaa wapi, akalifunga tena huku skrubu zimebaki mfukoni. "Wewe kajifunze ufundi," mwalimu alimwambia, "kabla hujatuchoma." Akaenda. Tangu mwaka 1964 kibanda chake, kando ya mashine ya kusaga unga, kilinukia mafuta ya taa, na majiko yaliyoingia yakikohoa yalitoka yakiimba.

Kuoa ndiko kulikomtoa jasho. Mwaka 1969, posa ikiwa bado mbichi, mama wa binti alimtumia ujumbe: jioni kuna wageni, njoo na tambi, zile ndefu. Sasa fundi majiko akisikia tambi, atawaza nini? Akafika na shati lake jeupe na furushi la tambi za jiko, pamba tupu. Mama wa watu akalifungua mbele ya wageni.

"Mwanangu, hizi nizichemshe au niziwashe?"

Wageni walicheka hata bati la paa likalegea. Baba wa binti peke yake hakucheka. "Majiko ya watu unayatengeneza," alisema, "lakini jiko la nyumba hii hulipati mpaka uje unipikie tambi za kuliwa."

Jumapili iliyofuata alizitia kwenye maji baridi, akafunika, akakaa kupiga soga. Zikawa uji. Mzee akaomba kikombe. Aliyemwokoa ni mpishi wa hoteli, mteja wake: maji yatokote kwanza, chumvi isione haya, usifunike, onja, zikibaki na kiini kidogo, epua. Akarudi ukweni na mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu. Mzee alizimaliza, akasogeza sahani aongezwe.

"Harusi lini?"

Tangu hapo mkewe hakuruhusiwa kugusa sufuria ya tambi. Siku za kazi marehemu aliwakaangia watoto kiporo cha tambi kwa yai. Wageni wakija, alizipakua na nyama ya kusaga na jibini, ndefu kiasi kwamba ukivuta moja sebuleni, mwisho wake bado uko jikoni unaaga wenzake.

Mwaka jana moyo ulianza kumchosha, akashindwa kusimama jikoni. Ndipo mkewe akazipika kwa mara ya kwanza. Zikawa uji. Akazila zote, akalamba na kijiko. "Mama wee," alisema, "kwa tambi hizi, baba yako angekunyima mume." Walicheka mpaka machozi. Alizimika polepole, kama jiko lililomaliza mafuta, asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Mei 2025.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu, vitukuu wawili, na majiko ambayo hadi leo yanaimba majumbani mwa watu. Baada ya mazishi kuna chakula. Ni tambi, na mjane amekataa kusaidiwa. Zikitoka uji, mzile zote, mlambe na kijiko, kama alivyofanya yeye.

Fundi wetu apumzike kwa amani. Na huko aliko, mkwewe akisogeza sahani, asimcheleweshe.