Nilikaa Chini, Wakasema Pana Msiba

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nawasalimu wote, na wakubwa wangu shikamooni.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, wakati wa likizo, nilipotoka nje ya nyumba yetu hapa Nyanungu, nikakaa chini uani, nikanyoosha miguu, nikafumba macho. Nataka kuwashuhudia yaliyoanzia hapo. Nimeyaandika kwa sababu nikisimama mbele yenu nitasahau hata jina langu. Mama mchungaji amekubali kuwasomea, na mimi nitakuwa nimekaa kule nyuma karibu na dirisha. Tafadhali msigeuke kuniangalia.

Naitwa Robi, nipo kidato cha tatu. Mnamjua baba yangu, ambaye mimi nilimwita tata kama watoto wote wa kwetu. Mwaka jana alianguka zizini akikamua. Dispensari walisema ni kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mkono ukawa unaning'inia tu, na mdomo ukaenda upande. Mtu aliyekuwa akiita ng'ombe kutoka mlima wa pili akabaki na maneno machache. Neno lililomtoka vizuri zaidi ni "mbuya", ambalo kwetu ni "vizuri". Ukimpa uji, mbuya. Ukimgeuza kitandani akaumia, bado mbuya.

Kaka zangu wako migodini. Mama anauza ndizi gulioni, anatoka mapema. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namwogesha tata, nateka maji, napika, nafagia zizi, halafu nakimbilia shule. Nilikuwa nakula nimesimama. Nikikaa tu, moyo unaniambia kuna kitu umesahau. Na kwetu msichana hakai bure. Bibi yangu marehemu alikuwa akisema msichana aliyekaa bila kazi ni mlango ulioachwa wazi, mbuzi wataingia.

Ndugu zangu, hapo ndipo kifua kilipoanza kunibana! Kwanza ilikuwa kisimani, nikadhani ni uzito wa ndoo. Halafu darasani, mwalimu aliponiambia nisome kwa sauti. Vidole vikafa ganzi, macho yakaona giza, nikawa navuta hewa na hewa haiji. Niliamka nikiwa nimelala sakafuni na wenzangu wamenizunguka. Wasichana wakasema nina mashetani. Mmoja akahamisha dawati.

Mliniombea hapa hapa kanisani, nakumbuka mikono yenu kichwani mwangu. Sisemi maombi yenu hayakufika. Nilikuwa nikitoka hapa nimetulia mpaka Jumatatu. Lakini tatizo likirudi, nilikuwa naona aibu kuwaambia limerudi, maana mlikuwa mmeshamshukuru Mungu. Nikawa nasema nimepona. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka ikawa kazi nyingine juu ya zile kazi zangu.

Likizo ilipofika akaja dada Nyangi, binti wa mama yangu mkubwa, anayesomea uuguzi Musoma. Alikaa kwetu siku chache. Aliniona kifua kimenibana jikoni, nikiwa nimeshikilia mwiko. Hakuita mtu. Alizima moto, akanikalisha, akaniambia nivute hewa kwa pua polepole, niitoe kwa mdomo kama mtu anayepoza uji. Ilipopita akaniuliza ni tangu lini. Nikamwambia yote. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia yote.

Akanifundisha mazoezi wanayofanya hosteli kwao asubuhi, aliyoyaona kwenye simu. Unakaa chini, mgongo umenyooka, miguu mbele, unafikia vidole vya miguu taratibu, halafu unatulia macho umefumba, unasikiliza pumzi tu. Akasema inaitwa yoga. Mimi nikaogopa. Nikamuuliza kama hiyo si dini ya watu wengine, nisije nikaingiza pepo kweli.

Akacheka. "Robi, kupumua ni dini ya nani? Ng'ombe wenu wanapumua, nao tuwakemee?"

Halafu akawa mpole. Akaniambia nikivuta hewa niseme moyoni "Bwana upo", nikiitoa niseme "na mimi nipo". Hapo nikakubali. Akaniongezea mambo madogo madogo: ninywe kikombe cha maji kabla ya kushika ndoo ya kwanza, nile nimekaa hata kama ni viazi viwili, na jioni nioshe miguu yangu kwa maji ya uvuguvugu niipake mafuta polepole, kama ninavyoipaka ya tata. Nilijisikia vibaya aliposema hivyo. Kumbe miguu ya tata nilikuwa naijua kuliko yangu.

Akaondoka Jumanne. Jumatano ndiyo ile niliyowaambia.

Ndugu zangu, nyinyi ni watu wa hapa, mnajua. Mwanamke wa kwetu akikaa chini na miguu imenyooka huwa ana kitu mikononi, mahindi ya kupukuchua, mboga, mtoto. Akikaa hivyo alfajiri, mikono mitupu, macho yamefumbwa, mlango wa nyumba uko nyuma yake, basi ndani pana maiti. Mimi najua hilo tangu utotoni, na sikulikumbuka!

Jirani yetu Mama Ghati alikuwa anapita na ndoo. Akaniona. Alijua tata ni mgonjwa. Alijua mama ameshaenda gulioni. Akaona na machozi, maana siku ile pumzi ilipofunguka machozi yalinitoka bila kujua. Nilichosikia ni ndoo kuanguka, halafu yowe. Nilipofumbua macho, wanawake walikuwa wanakuja mbio kupitia kwenye migomba, wanalia, wengine wameshika vichwa. Nikataka kusema siyo. Mdomo haukufunguka. Mimi hata kumwambia mtu amekanyaga kandambili yangu siwezi, nitawezaje kuwaambia watu wazima wanyamaze?

Halafu akaja baba mdogo Chacha. Huyu ni mdogo wake tata, na walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Tata alipoanguka hakuja kumwona. Siku ile alikuja peku, akajitupa chini mbele ya mlango, akalia kwa sauti kwamba kaka yake alimfundisha kuchunga, kaka yake alimlipia ng'ombe wa mahari, na yeye amemwacha afe bila hata kumpelekea maziwa.

Mlango ukafunguka. Tata, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kujikongoja kwa fimbo, alikuwa amesimama, shuka begani. Akawaangalia wote. Kelele zikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Nani amekufa?" akauliza, na ule mdomo wake wa upande.

Mama Ghati akaninyooshea kidole.

Tata akamgeukia mdogo wake pale chini. "Chacha," akasema taratibu, neno moja moja, "endelea. Ulikuwa unanisifia vizuri."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba mdogo alicheka huku analia, akainuka akamshika kaka yake. Kuanzia siku ile maziwa yalikuja kila asubuhi.

Mtu angesema Mungu alishageuza aibu kuwa baraka, nami nimshukuru. Lakini mimi sikuona baraka. Niliona aibu tu. Kisimani watoto waliniita Msiba. "Msiba, umeamkaje? Leo umemuua nani?" Mama aliporudi jioni alinigombeza, akasema nataka kumwita mauti baba yangu kabla ya wakati. Mama Ghati alikuwa na haya kunizidi, na kwa sababu ya haya yake alikuwa wa kwanza kusimulia, ili wasimcheke peke yake.

Basi nikaacha. Sikukaa chini tena. Kikombe cha maji nikaacha, miguu nikaacha, nikarudi kula nimesimama.

Tata ndiye aliyekumbuka. Siku iliyofuata aliniita, akaniuliza nilikuwa nafanya nini pale uani. Nikamweleza kwa kifupi, nikiangalia chini. Akasikiliza. Akasema, "Tukae wote." Nikamwambia kesho, tata.

Ndugu zangu, hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila asubuhi nilikuwa nikitoka na ndoo, namkuta tata ameshatoka mwenyewe na fimbo yake, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, amenyoosha ule mguu mmoja unaomtii. Anasubiri. Sikuwahi kumfundisha, alikuwa anakisia tu, anavuta hewa kwa kelele kama mtu anayepanda mlima. "Robi, leo?" Na mimi: "Kesho, tata, nimechelewa." Naye: "Mbuya."

Shule zilifunguliwa. Kifua kikarudi, vibaya kuliko kwanza. Nilikuwa na dawa yangu mlangoni pa nyumba yetu, imekaa kwenye kigoda, inanisubiri, na mimi naipita na ndoo kwa sababu naogopa watoto wa kisimani. Sikujua kwamba kesho zinaisha.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kipindi cha jiografia. Nikaona bodaboda imesimama nje, na baba mdogo juu yake. Hakuwa na haja ya kusema. Alinipandisha, akaendesha polepole, yeye ambaye huwa anakimbiza. Mama, ambaye siku hiyo hakwenda gulioni, aliniambia baadaye kwamba tata alimaliza uji wake, akaegemea mlango, na alipokwenda kuchukua kikombe alimkuta amekwenda. Kwenye kigoda.

Uani wanawake walikuwa wamekaa chini, miguu imenyooka, safari hii kwa haki. Wakanipisha katikati yao. Nikakaa. Wote walikuwa wanalia na mimi siwezi. Kifua kilikuwa kimefunga kabisa, vidole vimekufa, giza linaingia pembeni mwa macho. Nikajua naanguka sasa hivi mbele ya watu wote, na watasema mashetani kwenye msiba wa baba yake.

Halafu nikajiona nilivyokaa. Mgongo umenyooka. Miguu mbele. Mikono mitupu magotini. Nilikuwa nimekaa vile vile!

Nikavuta hewa kwa pua. Bwana, upo. Nikaitoa kama ninapoza uji. Na mimi nipo. Ya kwanza haikufika mbali. Ya pili ikafika shingoni. Sijui ya ngapi ndiyo iliyofungua, lakini ilifungua, na kilio kikatoka, kilio changu mwenyewe, na sikuanguka. Mama Ghati alikuwa nyuma yangu, aliweka mkono mgongoni mwangu, nikausikia unapanda na kushuka pamoja na pumzi yangu.

Ndugu zangu, sikuona nuru wala sikusikia sauti. Lakini nashuhudia mbele zenu kwamba Bwana aliniokoa pale chini, kwa pumzi aliyonipa tangu nizaliwe na nilikuwa siitumii. Sisemi nimepona kabisa. Niliwahi kuwadanganya hivyo, sitaki tena. Kifua kinabana bado siku nyingine, ila sasa najua njia ya kurudi. Namshukuru Mungu, namshukuru dada Nyangi, nawashukuru nyinyi mliochimba kaburi na kutupikia. Na kama yupo hapa mtu ambaye kifua kinambana naye anasema amepona, asione haya. Mwamini Bwana, kaa chini. Kama kuna mtu nyumbani kwako anakuambia "tukae", usimwambie kesho. Mimi ningetoa chochote nilicho nacho kupata asubuhi moja ya zile nilizozipita na ndoo.

Tulimzika Jumamosi, upande wa zizi, mnavyojua.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema. Wageni walikuwa bado wamelala, moto wa msiba umebaki majivu. Nikanywa maji kikombe kimoja kabla ya kugusa ndoo. Nikachukua kigoda cha tata, nikakiweka mlangoni pale pale alipokuwa anakiweka. Nikakaa chini kando yake, nikanyoosha miguu.

Nikasikia hatua, nikafumbua macho. Mama Ghati alikuwa anakwenda kututekea maji ya wageni. Alisimama na ndoo yake, akaniangalia mimi, akaangalia kigoda kitupu. Nilidhani atalia. Aliweka ndoo chini bila kelele, akaja, akakunja kanga yake, akakaa upande wa pili wa kigoda, miguu mbele.

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Robi, unaanzia pua au mdomo?"

"Pua, mama," nikamjibu. Tukaanza.