Aliyepalilia Rafu za Lindental: Sara Elisabeth Penner, 1947–2023

Sara Elisabeth Penner alikuwa binti wa Kornelius Hiebert, yule aliyechimba kisima kilichonywesha nusu ya Lindental mwaka wa ukame. Alikuwa mjukuu wa Bibi Anna Hiebert, aliyevuka bahari na mbegu za tikiti alizozishonea kwenye pindo la gauni, na kitukuu wa watu waliofukuzwa mara tatu, na mara zote tatu wakaondoka na Biblia, saa ya ukutani na sufuria zao. Hatukutoka kwa watu wa kutupa vitu. Hapo nisikilizeni vizuri, maana ndipo ilipo habari ya Sara.

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1947 hapa hapa Lindental, kusini mwa Manitoba, akiwa wa sita kati ya watoto wanane. Theluji ilikuwa imefunga njia, mkunga akaletwa na farasi. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto yule hakulia. Alifungua macho akakitazama chumba kizima kama mtu aliyekuja kukagua.

Alianza masomo katika shule ya kijiji yenye chumba kimoja. Dada zake wakubwa waliishia darasa la nane wakaenda kukamua ng'ombe, nao hawakuona haya kusema hivyo, kwa kuwa maziwa yale ndiyo yaliyomsomesha Sara. Yeye naye alikamua, lakini alikuwa akiegemeza kitabu kwenye ubavu wa ng'ombe. Siku moja baba alisimama mlangoni mwa banda akamuuliza, "Sara, huyo ng'ombe amefika darasa la ngapi sasa?" Sara akajibu bila kuinua kichwa, "La tano, baba, ila hesabu zinamshinda." Mwaka 1965 akawa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kwenda chuo cha ualimu Winnipeg.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Peter Penner, fundi wa matrekta, mtu mpole ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kikombe cha kahawa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ruth na Konrad. Peter alitangulia mbele ya haki mwezi Novemba 2011, na tangu siku hiyo Sara alikuwa akiandaa vikombe viwili, kisha kimoja anakirudisha kabatini kimyakimya.

Alifundisha miaka mingi, na mwaka 1988 akakabidhiwa maktaba ya Shule ya Sekondari ya Lindental. Ilikuwa maktaba ya kupendeza machoni: rafu zimejaa hadi juu, vitabu vimepangwa kama askari. Watu wazima waliisifu sana. Watoto hawakugusa hata kitabu kimoja.

Kisha kiwanda cha nyama ya nguruwe kikafunguliwa nje ya mji, na familia zikaanza kuja kutoka Ufilipino. Palikuwa pia na watoto wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii, waliokuja kwa basi kutoka eneo lao la kule mtoni, na wale ndugu zetu ambao babu zao walihamia Meksiko, sasa wamerudi wakiwa bado wanaongea lahaja ya Kijerumani ya babu zetu. Miongoni mwa waliotoka Ufilipino alikuwemo binti mmoja wa miaka kumi na mitano, Rowena Magsino. Kila siku alikaa maktaba saa ya chakula, wala hakuazima kitu.

Sara akamuuliza, "Mwanangu, hupendi kusoma?"

"Napenda sana, Bi. Penner," alisema Rowena. "Ila humu hamna mtu."

"Hamna mtu vipi? Vitabu vyote hivi?"

"Hamna mtu wa kwetu. Nimetafuta."

Sara alirudi nyumbani siku hiyo, akashindwa kula. Akaenda kwa kamati ya shule kuomba vitabu vipya. Mwenyekiti alikuwa Mzee Abram Dyck, ambaye wote tulimwita Mjomba kama ilivyo desturi yetu kwa kila mtu mwenye mvi. Mjomba Abram akamwambia, "Sara, rafu zako zimejaa. Mtu mwenye ghala iliyojaa haombi nafaka." Na hilo ndilo lililokuwa fundo: rafu zikiwa zimejaa vitabu vilivyokufa, Rowena na wenziwe hawangepata hata kimoja kilicho hai.

Jumapili moja ya Mei 2002, tukiwa kwenye chai ya alasiri, Sara akatangaza, "Wiki hii napalilia maktaba." Kumbe watu wa maktaba husema hivyo wanapoondoa vitabu vilivyochakaa au kupitwa na wakati. Peter hakujua. Kesho yake alimnolea jembe, akalipeleka shuleni, akauliza maua yako wapi. Alipooneshwa magunia ya vitabu akasema, "Mke wangu, haya magugu yana majalada mazuri."

Vitabu vikapelekwa jalalani. Na hapo ndipo ilipoanza vita, vita ambayo ingeweza kutokea Lindental peke yake. Ni nani kwetu anayeweza kupita mbele ya kitu kizima kilichotupwa? Asubuhi yake, mama mmoja wa kanisani alifika shuleni na kikapu: "Sara, mmeangusha hivi njiani." Mchana akaja mwingine, vyake amevifuta vumbi na kuvigundisha upya. Sara anatoa mlango wa nyuma, watu wanarudisha mlango wa mbele, tena na mkate juu yake. Kufikia Ijumaa rafu zilikuwa zimejaa kuliko mwanzo, maana wengine waliongeza na vya nyumbani kwao.

Wa mwisho kuja alikuwa Mjomba Abram mwenyewe, amebeba boksi begani.

"Sara Penner, baba yako angeona aibu. Kitabu kizima hiki! Hakina hata ukurasa uliochanika."

"Kaa, Mjomba. Chagua chochote, unisomee."

Alichagua cha kilimo, cha miaka ya hamsini, kwa kuwa ndicho alichokijua. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti namna ya kutia dawa mbegu za ngano: mimina ile dawa, kisha koroga kwa mikono yako hadi kila punje ienee. Alipofika hapo akaacha kusoma. Kila mtu hapa anajua kwamba kaka yake, Jakob Dyck, alikufa akitetemeka kama jani, na daktari alisema ni ile dawa.

"Jakob alikoroga hivi hivi," alisema Mjomba Abram.

"Najua, Mjomba."

"Na kitabu kilikuwa hapa siku zote?"

"Kilikuwa hapo, kizima, kama ulivyosema. Wajukuu wako wanapita mbele yake kila siku."

Mzee yule alilibeba boksi lake akalirudisha jalalani yeye mwenyewe, na Jumapili alisimama kanisani akasema, "Anayepita jalalani akiona kitabu, akiache." Lindental haijawahi kusikia amri ngumu kama ile, lakini iliitii. Rafu zikabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto, na kamati ikatoa fedha.

Sara hakuchagua vitabu peke yake. Aliwapakia wanafunzi kwenye basi la shule hadi Winnipeg wakachague wenyewe, na Mjomba Abram akaenda nao kulinda fedha za kamati. Walirudi na katuni za Kijapani, hadithi za mapenzi, visa vya Waojibwe vilivyoandikwa na Waojibwe, na vitabu vya mpira wa magongo. Rowena alipata riwaya ya msichana ambaye mama yake anafanya kazi nchi ya mbali. Aliisoma amesimama, hadi Mjomba Abram akamwambia, "Kaa, mtoto, kitabu hakina miguu." Mzee naye alikuwa amekamata kitabu cha mizaha cha lugha yetu ya nyumbani, akacheka peke yake njia nzima.

"Si lazima nikipende," Sara alikuwa akisema. "Lazima kiazimwe." Mchungaji wa wakati ule alipolalamika kuhusu kitabu cha kijana anayependa vijana wenzake, Sara alimjibu, "Mchungaji, aliyekiomba ni mtoto wa kanisa hili hili. Ungependa kujua jina lake? Basi sikwambii." Kitabu kilibaki. Leo nasikia shukrani za watu ambao sikujua kwamba wana deni hilo kwake, wengine wametoka mbali, wamesimama huko nyuma. Karibuni mbele, viti vipo.

Alistaafu mwaka 2012. Furaha yake ilikuwa kwamba, baada ya miaka, aliyeshika nafasi ile ni Rowena Magsino yuleyule. Oktoba iliyopita alipatikana na saratani ya kongosho. Hakulalamika, ila kuhusu chai ya hospitali. Aliomba arudishwe nyumbani, na huko, Jumanne tarehe 16 Mei 2023, alfajiri, aliaga dunia, mikono yake ikiwa mikononi mwa watoto wake. Tunawashukuru wauguzi, majirani walioleta supu ya matunda, na Mungu aliyetuazima Sara kwa muda mrefu hivi.

Ameacha binti yake Ruth, mwanawe Konrad na mkewe Lorna, wajukuu watano, dada yake Aganetha, mimi kaka yake Johan, na watoto wa shule wasiohesabika.

Jumapili kabla hajafa, Rowena alikuja kumwona. Sara akamuuliza, "Mwaka huu nani hayumo kwenye rafu?"

"Watoto wa Eritrea, Bi. Penner. Wazazi wao wameanza kiwandani majuzi. Lakini lugha yao siijui, nitajuaje kitabu kizuri?"

"Huwezi kujua. Nenda kwa mama zao. Kula watakachokupa, uwaulize. Jumamosi hawaendi kazini."

"Jumamosi?" Rowena akaanza kulia. "Bi. Penner, Jumamosi huenda tukawa..."

"Mkinizika, mtanizika asubuhi. Mchana nenda."

Basi Rowena akiondoka mapema leo kabla ya kahawa na mkate wa zabibu, msiseme hana adabu. Ametumwa. Naye aliyemtuma, Bwana ampe pumziko jema.