Qiao Wanshun, Aliyesoma Falme kwa Kidole Gumba

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemlaza leo ni Mzee Qiao Wanshun wa Hougou. Ipo habari ya jana ambayo kila mmoja hapa anawashwa kuitamka. Itasemwa, lakini kwa zamu yake. Mzee hakupenda mtu aruke tabaka.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, papa hapa kusini mwa Mto Wei, mtoto wa pili wa mfyatua matofali Qiao Maocai. Aliingia shule ya kijiji mwaka 1953 akaiacha 1959, njaa ilipobisha hodi. Maandishi hakuyajua sana. Udongo aliujua tangu utotoni, kwa kumkanyagia baba yake matope ya matofali.

Januari 1970 alimwoa Bi Xue Caiqin. Siku ya harusi bwana harusi alichelewa. Alikutwa ndani ya kisima kilichokuwa kikichimbwa kando ya njia.

"Mwenzio nimevaa nyekundu, wewe umevaa matope!" Bi Caiqin alimpigia kelele.

"Caiqin, njoo uchungulie! Kuna vigae vya kale humu!"

Waliishi pamoja miaka arobaini na minane, na Bi Caiqin anasema mpaka leo hajachungulia.

Mwaka 1972 alijiunga na kikosi cha wachimbaji wa mambo ya kale. Akapewa koleo la kutobolea, lile lenye ulimi kama nusu ya bomba, linalozama ardhini na kurudi na kipande cha udongo. Wasomi husoma falme vitabuni. Yeye alizisoma kwa kidole gumba. "Huyu ni Han, ana vigae. Haya majivu, Qin anaanguka. Na huu mgumu wa chini ni Qin mwenyewe." Qin, utawala uliotangulia Han na kujipangia vizazi elfu kumi, ulidumu miaka kumi na mitano, na kwenye koleo lake ulikuwa na unene wa vidole vinne. Hapo Mzee alikuwa akifuta koleo.

Vuli ya 1979 kikosi kilikuwa kikitafuta lango la kaskazini la jumba la wafalme wa Han. Koleo la Mzee likaleta udongo uliopondwa tabaka juu ya tabaka, kama unavyopondwa ukuta wa mfalme. "Lango!" akapaza sauti. Walichimba siku arobaini. Wakakuta kaburi la bwana mmoja mwenye uwezo, ambaye wanawe walimpondea udongo ili asisumbuliwe, na ndani yake chungu kimoja tu.

Tangu hapo akaitwa Mlinzi wa Lango.

"Mlinzi, mfalme ameamka leo?" walimchokoza sokoni.

"Bado. Anakusubiri wewe umpelekee chungu chake."

Alicheka nao, lakini akifika nyumbani hakucheka. Kila majira ya baridi alirudi mashambani na koleo lake, peke yake. Alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: kujua lango liko wapi.

Machi mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua. Tarehe 20 Oktoba binti yake Luhua, ambaye sasa ndiye kiongozi wa kikosi, alimletea kitandani kipande cha udongo kutoka bustani ya matufaha, kimefungwa kwa gazeti. Mzee akakisugua muda mrefu.

"Baba, ni lango au ni kaburi lingine?"

"Hesabu tabaka. Wafiwa huponda kwa haraka, wana huzuni na tumbo tupu. Mfalme ana mtu wa kumchapa anayeharakisha. Hizi zimelingana zote. Chimba!"

"Na ukikosea tena?"

"Basi utaitwa Binti wa Mlinzi. Chimba, mwanangu!"

"Baba Luhua, hebu lala," Bi Caiqin akasema.

"Nitalala, mama. Nitalala sana tu."

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 6 Novemba 2018, saa kumi na moja alfajiri, baada ya vijiko vitatu vya uji wa mtama.

Na jana, Ijumaa, saa nne asubuhi, katika bustani ya matufaha, brashi zilifichua jiwe lenye tundu, lile linalobeba mhimili wa mlango, limesuguliwa na mlango mzito mpaka linang'aa. Hatua sita mbele, la pili! Ni lango! Juu Han, kati majivu, chini Qin, kama alivyosema! Luhua alipiga yowe mbwa wa Hougou wote wakaitikia. Waliomtania Mzee sokoni walikuja mbio bila hata kufunga vibanda, na wako hapa mbele yetu, macho mekundu.

Ameacha mjane, Bi Xue Caiqin, binti, Luhua, mkwe, Guo Jianbin, wajukuu wawili, na kikosi kizima kinachomwita Baba.

Ameacha pia ombi. "Kaburi langu msiliponde," alisema. "Ipo siku atakuja mtu na koleo. Asije akanidhania lango." Basi wenye majembe, mwageni udongo polepole, wala asiukanyage mtu.

Mlinzi, lango limeonekana. Zamu yako imekwisha; pumzika kwa amani.