Zirudishe Basi, Wifi

Wazazi wangu, shikamooni. Na ninyi akina mama wenzangu mnaorudia mtihani wa kidato cha nne, poleni na kazi. Nimeambiwa nisimame niseme juu ya hesabu. Acheni nianze na wivu, maana ndio uliotangulia.

Nilizaliwa Mabawe, kule Ngara, nikaolewa hapa Runazi. Kidato cha nne nilifeli hesabu. Nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli tena. Chuo nilichokitaka hakimpokei aliyefeli hesabu. Mume wangu akasema, jaribu mara ya mwisho, ikishindikana tulime tu.

Mwaka huo wifi yangu, mdogo wa mume wangu, naye akawa anajiandaa kwa mtihani uleule. Tukawa tunafanya maswali ya mazoezi pamoja barazani. Ndugu zangu, nawaambia, yule mtoto alinitesa bila kunigusa. Mimi bado nasoma swali, yeye ameshaweka kalamu chini anajikuna mguu. Wastani kapata, jedwali kapata. Mama mkwe akipita anasema, "Huyu kichwa chake chepesi," halafu ananitazama mimi kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyoniuma. Niliuonea wivu hata mwandiko wake. Mnacheka? Wenye mawifi humu ndani wananielewa.

Lililonishinda kabisa ni swali la uwezekano, lile la mfuko. Mfuko una gololi nyekundu tano na nyeupe tatu. Unatoa mbili, moja baada ya nyingine, bila kurudisha. Kuna uwezekano gani zote ziwe nyekundu? Maana ya kutorudisha niliijua. Lakini kila mara mkono wangu uliandika tano juu ya nane, mara tano juu ya nane. Kwetu mtu akija kuangalia mbegu zako za maharage, anachota, anatazama, anarudisha chomboni. Kuondoka hata na moja ni utovu wa adabu. Nadhani kichwani mwangu kila kilichotolewa lazima kirudi.

Wifi aliniambia mapema, "Wifi, wewe unarudisha." Nikamjibu, "Shughulika na lako." Angesema mtu mwingine yeyote ningesikia. Kutoka kwake sikutaka hata ukweli. Nikafunga vitabu kwenye kanga, nikavisukuma darini, nikamwambia mume wangu nimeacha.

Mvua zikaanza. Tukaenda kupanda, mama mkwe katupatia bakuli la mbegu za maharage zilizochanganyika, nyekundu na nyeupe. Mimi nadondosha mbilimbili shimoni, wifi anafukia kwa jembe. Kufika katikati ya shamba naona nyeupe zimejaa, nyekundu za kutafuta. Nikanung'unika, "Nyekundu zote zimekwenda wapi?"

Yule binti hakuinua hata kichwa. "Zirudishe basi, wifi. Si ndiyo kawaida yako?"

Nilitaka kumrushia bakuli! Machozi yalinitoka kwa hasira, kwa sababu alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Nikakaa chini palepale kwenye tuta. Nikachagua mbegu nyekundu tano na nyeupe tatu, nikaziweka kiganjani. Nikachukua nyekundu moja nikaifukia. Nikatazama: nyekundu nne, jumla saba. Tano juu ya nane, mara nne juu ya saba. Ilikuwa rahisi hivyo, na urahisi wake ukaniuma zaidi.

"Nifundishe na mengine," nikamwambia. Neno lile lilitoka kwa shida kama jino. Jioni ile nikavishusha vitabu darini.

Matokeo yalipotoka, mume wangu alinirukia kwa furaha: nimepata C. Mimi nikauliza kwanza, yeye kapata nini? Kapata B.

Namshukuru mume wangu kwa kunivumilia, na mama mkwe aliyeshinda na wanangu nikiwa masomoni. Nanyi wenzangu, kama kuna aliyekuzidi na unamchukia kwa hilo, mchukie, lakini kaa karibu naye umuulize.

Mimi wivu haujaisha. Naenda chuo, na yeye kachaguliwa chuo kikubwa kuliko changu. Imeniuma tangu jana, na hata sasa nikisimama hapa inaniuma. Wifi, wewe uliyekaa pale nyuma, asante. Usitabasamu hivyo. Asante.